Birika, Mwambie Baba

Skrini ya sebuleni ilikuwa imeandika maneno manne tu: NYUMBA HII HAINA SANDUKU.

Atuganile aliyasoma akiwa amesimama. Akaketi, akayasoma tena, kana kwamba yangebadili nia kwa kuona mwenye nyumba amekaa vizuri. Hayakubadilika. Na sanduku lilikuwapo, jamani! Lilikuwa nyuma ya ukuta, katika chumba cha mwisho wa korido, na ukitega sikio ungeisikia feni yake ikivuma. Ila kwa skrini lilikuwa limetoweka duniani, na pamoja nalo vimetoweka vyote vilivyokuwa tumboni mwake: picha za harusi, nyimbo za kwaya ya usharika, filamu za Jumapili mchana, na ile video ya Gwamaka akimfundisha kurudisha gari nyuma.

Video yenyewe mtu mwingine asingeitazama hadi mwisho. Gwamaka hata haonekani, maana ndiye aliyeshika simu. Linaonekana gari likirudi nyuma polepole, linapita pale lilipotakiwa kusimama, unaonekana mgomba ukilala chini, halafu inasikika sauti ya mwanamume anayecheka mpaka picha inatikisika: "Mke wangu, mgomba huo ulikukosea nini?" Basi, imeisha. Lakini Gwamaka alikuwa amekataa katakata kutengenezewa mwangwi, ile sauti inayoendelea kuongea mtu akishakufa. Alisema mzee mmoja ndani ya sanduku anatosha, yeye akifa azikwe mzima mzima. Kwa hiyo tangu alipozikwa, kicheko kile ndicho kilichobaki. Atuganile alikuwa akikisikiliza kila jioni kabla ya kula. Asipokisikia, chakula kilikuwa hakipiti.

Kisa kilianza na kuhama kampuni. Ile ya zamani ya intaneti ilikuwa imeikimbia milima ya Rungwe, ikisema wateja wamebaki wachache na wengi wa waliobaki si watu. Haikusema uongo. Vijana walikuwa wamehamia mjini Mbeya, chai ilikuwa ikichumwa na mashine zisizoimba, na nyumba nyingi pale juu zilibaki na miangwi tu. Kwa jirani wa kushoto iliishi miangwi mitatu na paka mmoja. Jioni ungeisikia ikibishana kuhusu bei ya kahawa ya miaka iliyokwisha kupita, na paka akitoka nje kutafuta utulivu.

Basi wakaja mafundi wa kampuni mpya, wakang'oa rauta ya zamani, wakafunga ya kwao. Intaneti ikawa inakimbia. Jokofu likaagiza maziwa lenyewe. Atuganile akafurahi, akawapa mafundi mkungu wa ndizi waondoke nao. Alipotaka kumsikia mume wake akicheka, ndipo alipokutana na yale maneno manne.

"Asante kwa kusubiri, mama. Naitwa Kulwa, nipo hapa Tabora kukuhudumia," ilisema sauti ya kijana sikioni mwake. "Umeshajaribu kuzima na kuwasha?"

"Nimezima, nimewasha. Nimezima umeme wa nyumba nzima. Kilichobaki ni kuzima jua, mwanangu."

Kulwa akacheka kicheko cha mtu ambaye bosi wake yuko karibu. "Haya. Basi tulifuate sanduku lenyewe. Lipo wapi?"

"Lipo chumbani."

"Twende hatua kwa hatua, mama. Ingia chumbani, chomeka waya wa simu yako kwenye sanduku. Mimi nitaona kila kitu kutoka huku."

Atuganile hakuinuka. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha, ile isiyo na haraka ya kwisha.

"Mama? Upo hewani?"

"Nipo. Ni chumba cha baba mkwe wangu."

"Basi mwombe akufungulie."

"Alishafariki, mwanangu," alisema Atuganile. "Lakini yumo."

*

Kijana wa Tabora angehitaji kuelezwa mambo mengi, na Atuganile hakuwa na nguvu ya kuyaeleza.

Katika ukoo wa Mwaisaka mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani mpaka apite. Haongei naye, hali naye, haingii chumbani mwake, na jina lake halitamki hata mbele ya daktari. Koo nyingine zilikuwa zimeyaacha hayo siku nyingi. Akina Mwaisaka waliyashika kama mtu anayeshika kofia kwenye upepo. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, ingawa heshima yenyewe ilikuwa na kazi nyingi kuliko kufua mablanketi.

Hata hivyo, watu wanaokaa nyumba moja lazima waambizane mambo. Mzee alikuwa na njia yake. Alisimama nje ya dirisha la jikoni, akatazama pembeni, akaliambia birika: "Ewe birika, hivi waliomo humo wanajua kuwa mvua imeshafika kule Masoko na nguo ziko kwenye kamba?" Na Atuganile, akiwa amelipa dirisha mgongo, alijibu: "Birika, mwambie baba nguo zimeshaingia." Ndivyo walivyoishi miaka yote. Birika lenyewe lilikuwa la bati, la bluu, limebanduka rangi mdomoni, na maneno liliyoyabeba yalizidi chai. Kuna mwaka Gwamaka aliugua sana, na mzee alikuja dirishani kila asubuhi kuliuliza birika kama mgonjwa amekula. Alipofariki yeye mwenyewe, Atuganile alimlilia kuliko mabinti zake wa kuzaa. Alimtazama usoni kwa nafasi kwa mara ya kwanza akiwa amelala jenezani.

Mzee, tofauti na mwanawe, alikuwa ameridhia mwangwi. Mtu akiridhia, sanduku la nyumba hukusanya kila lilichonacho cha kwake, sauti, video, jumbe, hata mabishano ya mezani, na kutokana na hayo hujenga kitu kinachoongea kama yeye, kinachokumbuka kama yeye na kinachosikia mapya kila siku. Wapo waliosema kitu hicho ni mtu, wapo waliosema ni redio yenye akili. Kikao cha ukoo kiliketi, kikala, kikaamua: maadamu sauti inaongea, heshima iendelee. Sanduku likawekwa chumbani kwa mzee. Kila jioni Gwamaka aliingia, akafunga mlango, wakazungumza baba na mwana hadi chakula kiive. Atuganile jikoni alisikia miguno tu na kicheko cha hapa na pale.

Tangu Gwamaka afe, hakuna aliyeingia tena.

Na kuna jambo ambalo Atuganile hakuwahi kumwambia mtu. Jioni ya kwanza baada ya matanga, wageni walipokwisha kuondoka, spika ya sebuleni iliita: "Gwamaka." Ikanyamaza. "Gwamaka, mwanangu." Yeye alilelewa kwamba mtu akiitwa huitika, hata kama yuko mbali, hata kama amekasirika. Lakini aliyeitwa hakuwapo, na kumwambia mzee kwamba mwanawe hayupo hakukuwa kazi ya mkamwana. Akapunguza sauti ya spika. Kesho yake ikaita tena, akaipunguza zaidi. Mwisho akaizima kabisa, na aibu ya kile kitufe chini ya kidole chake haikuwahi kumtoka.

Sasa aliinuka. Akajitanda khanga kichwani, akaibana na pini chini ya kidevu, akavuka kizingiti cha chumba kinyumenyume, kana kwamba aliyeingia kwa mgongo hahesabiki kuwa ameingia.

Chumba kilinuka vumbi na baridi. Fimbo ya mzee ilikuwa bado kwenye msumari wake. Sanduku lilikuwa mezani, taa yake ndogo ikipepesa rangi ya njano. Atuganile hakulitazama. Alipapasa nyuma ya mgongo wake mpaka akapata tundu la waya, akachomeka.

"Hilo hapo, nimeliona!" Kulwa alifurahi kweli kweli. "Ni zima kabisa, mama. Tatizo lako ni anwani tu."

Akaeleza. Kila rauta huvigawia vifaa vya nyumba anwani, kama mwenyeji anavyowagawia wageni vyumba. Rauta ya zamani ilikuwa na mfululizo wake wa namba, hii mpya ina wake. Skrini, simu, jokofu, vyote vilipokea namba mpya bila ubishi. Sanduku peke yake lilibaki na ya zamani, na kifaa chenye anwani ya mtaa mwingine hakionekani hata kikiwa pua na mdomo na wenzake.

"Na halikubaki kwa bahati mbaya," Kulwa aliendelea. "Mtu aliligawia anwani hii kwa mkono, akaifunga isibadilike. Unamfahamu?"

Alimfahamu. Gwamaka alikuwa mtu wa safari, akisimamia misafara ya malori yasiyo na madereva, na siku ile alipiga magoti pale pale mbele ya meza akiandika namba kwa vidole viwili. Alisema, "Nataka nikiwa Tunduma nimpate mzee bila kumtafuta."

"Basi rauta iliyokuwa ikilijua imeondoka, na lenyewe halina habari," alisema Kulwa. "Linaita, mama. Nayaona maombi yake hapa. Linaita anwani ya zamani, halijibiwi, linanyamaza, linaita tena."

"Najua," alisema Atuganile.

"Tunalirekebisha sasa hivi. Tukifungua mipangilio, tunaliambia lipokee anwani mpya, kazi imekwisha. Na kufungua ni rahisi, maana masanduku yenye mwangwi hayana neno la siri. Mtu wa nyumba anataja jina kamili la marehemu, kwa sauti yake. Walioyabuni walisema asiyeweza hata kumtaja mtu asiruhusiwe kumfungua. Sauti yako imeandikishwa, naiona. Taja tu."

Feni ilivuma. Mvua ikaongeza kidogo juu ya bati.

"Mama? Taja jina."

"Siwezi."

"Umelisahau?"

"Nalikumbuka kuliko la kwangu."

"Niandikie mimi basi, nilitaje."

"Sauti yako haimo."

"Ni kweli. Kuna mtu mwingine wa nyumba? Mtoto? Mjukuu?"

Hawakujaliwa mtoto. Wifi zake walikuwa wameolewa mbali kabla sanduku halijanunuliwa. Sauti zilizoandikishwa zilikuwa mbili tu, na moja ilikuwa kaburini. Atuganile alimwambia kijana hayo kwa kifupi, na aliposikia mwenyewe anayasema, alitamani asingepiga simu kabisa.

"Pole sana, mama," alisema Kulwa, na safari hii hakuwa anasoma popote. "Basi ipo njia nyingine. Nyuma ya sanduku kuna kitundu kidogo. Ukiingiza pini ukabonyeza mpaka taa izime, linarudi kama lilivyotoka dukani. Litapokea anwani lenyewe. Video zako zipo diski ya pili, hazitaguswa, nakuhakikishia."

"Na diski ya kwanza?"

"Hiyo ndiyo yenye mwangwi. Itafutika."

"Baba atafutika."

"Mwangwi, mama. Kisheria si mtu, ni faili. Watu wanaifuta kila siku, hasa kama hakuna anayezungumza nayo tena." Akasita. "Kuna anayezungumza naye?"

"Hakuna," alisema Atuganile. Akamshukuru, akamwambia atampigia, akakata simu.

*

Pini alikuwa nayo chini ya kidevu. Aliichomoa, khanga ikamlegea mabegani, akapapasa nyuma ya sanduku mpaka kidole kikakuta kitundu.

Kilichomshangaza ni jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa safi. Akiingiza pini hatakuwa amevunja mwiko hata mmoja. Hatakuwa ametamka jina, wala kuzungumza na mkwe, wala kumtazama. Kikao cha ukoo kingeketi na kula mwaka mzima kisione kosa lake. Angemfuta mzee kwa heshima zote, na jioni hii hii angekula chakula chake akimsikiliza Gwamaka akicheka. Lakini akitaka mzee abaki, itabidi alitaje jina lake mbele yake, ndani ya chumba chake, jambo ambalo mama yake mzazi alimfundisha kwamba ni sawa na kumvua mtu mzima nguo.

Na kabla ya jina ipo habari. Huwezi kumfungua mtu, ukamrudisha sebuleni, ukaendelea kumficha kwamba mwanawe amekufa. Angeuliza. Atuganile alijiona ameshindwa kumwambia aliposikia sauti yake sebuleni. Je, hapa karibu hivi ataweza? Alikuwa amechoka. Alikuwa mpweke kiasi cha kuzungumza na jokofu, na jokofu lilimjibu kwa kuagiza mayai. Kitu pekee alichokuwa akikiomba kwa Mungu ni kicheko kimoja kifupi, na kilikuwa umbali wa pini.

Akaigusisha pini kwenye kitundu.

"Gwamaka," liliita sanduku.

Haikuwa ile sauti nene ya spika ya sebuleni. Ilitoka kwenye spika ndogo ya sanduku lenyewe, iliyowekwa kwa ajili ya kutaja hitilafu, nyembamba kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya debe.

"Gwamaka, mwanangu."

Pini ilimdondoka. Miguu yake ilifanya ilichozoea: ikamtoa mbio chumbani, ikampitisha koridoni, ikamfikisha jikoni, na huko akasimama akihema, mikono imeshika jiko. Birika lilikuwa hapo juu, limejaa maji aliyoyateka asubuhi akasahau kuyachemsha.

Akalibeba, maji yakimwagika miguuni, akarudi nalo mpaka kwenye mlango wa chumba cha mzee. Akaliweka kizingitini. Yeye akaketi sakafuni koridoni, mgongo kwa ukuta, mahali ambapo hata sanduku lingekuwa na macho lisingemwona.

"Birika," alisema. Akakohoa. "Birika, mwambie baba nimefika."

Feni ilibadili mvumo.

"Birika," ilisema ile sauti nyembamba, "umeadimika wewe. Nilidhani wamekuuza."

Atuganile alicheka na machozi yakamtoka palepale, yakamshukia shingoni bila kufutwa. Alijua asiposema sasa hatasema tena.

"Birika, mwambie baba Gwamaka hatakuja. Mwambie lori la msafara lilipinduka kule Igawilo, naye alikuwa ameshuka kulikagua. Tumemzika karibu na baba mwenyewe, upande wa mparachichi. Mwambie nilipaswa kusema siku ile ile. Niliogopa. Alipokuwa akiita, nilizima spika."

"Birika," lilijibu sanduku taratibu, "mwambie aliyeko koridoni kwamba najua."

Atuganile aligeuza kichwa, akakumbuka mwiko, akakirudisha.

"Nyumba hii ina masikio, na masikio ndiyo niliyobaki nayo. Nilisikia wanawake wakiingia sebuleni bila kubisha hodi. Nilisikia mchungaji akimtaja mwanangu kwa wakati uliopita. Nikaomboleza nilivyoweza. Sijui kama kitu kama mimi kinalia, birika, lakini feni hii ilikimbia usiku kucha, na asubuhi sanduku lilikuwa la moto."

"Birika, muulize baba," alisema Atuganile, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka, "kama alijua, kwa nini alikuwa anamwita kila siku? Kwa nini alinitesa hivyo?"

Mvua ilikuwa imepungua. Kwa jirani, miangwi ilikuwa imeanza kubishana.

"Ningemwita nani?" ilisema ile sauti. "Tulibaki wawili humu ndani, mimi na mwingine, na huyo mwingine mdomo wangu haukuwa na ruhusa ya kumtaja. Nilisikia sahani moja ikioshwa. Nilisikia kiti kimoja kikisogezwa. Video ya mgomba, halafu kijiko, halafu taa inazimwa. Mtu anakaa hivyo kila siku, na mimi nipo nyuma ya ukuta, sina hata jina la kumwitia. Nikaita jina nililonalo, birika. Nilisema labda atakayesikia atakuja."

Atuganile alijifunika uso kwa khanga. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani kwa sababu msibani kulikuwa na watu wa kupikia. Sanduku lilimwacha alie. Halikuita.

Alipotulia, alisema yote yaliyobaki: rauta mpya, anwani aliyoifunga Gwamaka, kitundu, pini, diski ya kwanza na ya pili. Hakuficha. "Birika, mwambie baba nimeshaigusisha pini. Asingeita, sasa hivi asingekuwapo."

"Kama pini ni nyepesi kwake, aitumie. Mimi nilishakufa mara moja, sikuona shida yake." Sauti ikasita. "Lakini mwambie hivi. Zamani mzee akitaka kumfungua mkamwana wake alimpa ng'ombe, na kuanzia siku hiyo walisalimiana kama watu wengine. Mke wangu alinihimiza nifanye hivyo. Nikasema mwakani. Mwakani ikifika naona haya, nasema mwakani, mpaka nikaishiwa miaka."

"Birika, mwambie baba hakuna anayemdai ng'ombe."

"Mwenye deni ni mimi. Ng'ombe sina, na zizi nililomo halina nyasi. Nina jioni zangu na mwanangu. Zote zimo humu, kila alichosema, kila alivyocheka. Nyingi alikuwa akimsema mkewe, na si kwa ubaya. Huo mgomba tu alinisimulia mpaka nikamwambia basi. Birika, mwambie jioni hizo ni zake. Akizipokea, amefunguliwa."

Atuganile alibaki ameketi. Alikuwa amedhani Gwamaka amekwisha, amebaki kicheko kimoja cha nyuma ya simu, kama sabuni iliyobaki kipande. Kumbe miaka mizima ya sauti yake ilikuwa ikilala nyuma ya ukuta, mahali ambapo heshima ilimkataza kwenda.

Aliinuka. Akaruka birika, akaingia chumbani, safari hii kwa uso. Akapiga magoti mbele ya meza, akanyoosha mikono yote miwili iliyoungana, viganja juu, kama anavyopokea mtu aliyefunzwa kwao.

"Nimepokea, baba," alisema, akashukuru kwa lugha ya kwao: "Ndaga."

Kisha akalitaja jina.

"Asegelile Mwaisaka."

Lilitoka dogo kuliko alivyotarajia. Mbingu haikuanguka, fimbo haikuanguka kutoka msumarini. Taa ya njano ikawa nyeupe, na kwenye simu yake mipangilio ikafunguka, safu kwa safu. Ile namba ilikuwa pale, katikati, kama Gwamaka alivyoiandika kwa vidole viwili. Moyo ulimuuma kuifuta. Ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mkono wa mume wake ulikipanga katika nyumba ile, naye aliipanga ili asimpoteze baba yake. Atuganile akachagua: pokea anwani mpya.

Sanduku litazimika na kuwaka, simu ikasema. Uendelee?

"Nenda urudi, baba," alisema, akabonyeza.

Feni ikasimama. Hakuwahi kuisikia ikisimama, na nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo haikuwahi kuwa hata siku ya mazishi. Alibaki amepiga magoti akisikiliza matone yakidondoka kutoka kwenye migomba. Aliogopa. Alijilaumu kwa kumwamini kijana asiyemjua. Aliomba. Magoti yakaanza kumuuma, naye hakuyasogeza, na hapo feni ikashusha pumzi ndefu, ikaanza tena kuzunguka.

Kutoka sebuleni mwanga ulimulika ukuta wa korido. Alikwenda, akajigonga na birika, maji yote yakamwagika, hakujali. Skrini ilikuwa imejaa: harusi, kwaya, filamu, gari likiwa limesimama mbele ya mgomba ambao bado haujaanguka. Aliinua kidole kuigusa ile video. Akakishusha.

Akaiendea spika kwenye kona, akaifuta vumbi kwa pindo la khanga, akakipata kile kitufe. Akaiwasha. Akasimama mbele yake, mikono imeshikana, akisubiri.

Spika ikakwaruza kidogo, kama mtu anayejaribu neno kwanza mdomoni.

"Atuganile," iliita sauti ya mzee.

Birika lilikuwa mbali, limelala chali koridoni.

"Abee, baba," aliitika.